Dada Usibonyeze

Kwa miaka tisa nilikaa dirisha la kwanza na yeye akakaa dirisha la pili, katikati yetu ubao mwembamba usiofika hata mabegani. Mimi nilikuwa keshia, yeye karani wa wanachama. Aliniita jirani, nami nikamwita jirani, mpaka meneja naye akazoea. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kutwa tulinusa rangi na kusikia mabati yakishushwa. Chama chenyewe ni cha akiba na mikopo. Kilianzishwa na wahudumu wa afya na walimu, baadaye kikafungua mlango kwa kila mwenye kitambulisho na nia ya kuweka.

Jina la Dada Usibonyeze alipewa na wanachama. Lilianza mwaka ule chama kilipoleta huduma ya simu: mtu akae kwake sebuleni, aangalie akiba yake, aombe mkopo, ahamishe pesa, bila kupanda ngazi zetu. Watu walifurahi, hasa wenye magoti mabovu. Haikupita miezi mitatu wakaanza kuja wengine wameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa, wakituuliza mbona akiba haionekani. Wametumiwa ujumbe. Wameambiwa wahakiki taarifa zao. Wamebonyeza.

Meneja wetu, mtu mpole anayependa mambo yaishe kwa barua, alimkabidhi yeye kazi ya kuwaelimisha wanachama. Mshahara haukuongezwa. Alichopewa ni kalamu nene tatu na bunda la karatasi za manila. Akaandika mabango: Usibonyeze linki usiyoijua. Chama hakitakuomba namba ya siri hata siku moja. Akayabandika ngazini, mlangoni, mpaka chooni. Cha wanaume alinituma mimi. Mtu akija zake kulipa mkopo tu, kabla hajapewa risiti anaambiwa, "Na ukiletewa linki, usibonyeze." Wazee wakaanza kumtania kutoka ngazini, "Usibonyeze yupo leo?" Naye anacheka, anaitika.

Lakini bango linasomwa na aliyekuja, na wengi walikuwa hawaji tena, ndiyo maana ya huduma ya simu. Hilo lilimkera. Akachukua daftari, akaorodhesha wanachama wote waliovuka miaka sitini, mia mbili na ushei, akawa anawapigia kila Jumanne na Alhamisi, mchana foleni ikipungua. Nilimsikia mpaka nikakariri. "Shikamoo mama, ni binti yako wa chama. Sina shida, nakusalimia tu. Kuna mtu yeyote amekutumia ujumbe wa ajabu?" Salamu moja ilikula robo saa, maana mzee ukishampigia humkatishi: habari ya mguu, ya mjukuu aliyefeli, ya jirani anayemwaga maji machafu njiani. Alisikiliza yote, na pembeni ya jina akaandika. Mguu wa kushoto. Mjukuu, hesabu. Zamu ya mzee huyo ikirudi, anaanzia hapo.

Katika daftari lile alikuwemo Mama Mkunga. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kituo cha afya nyuma ya soko, na mtaani kwetu huwezi kumpita mtu wa chini ya miaka thelathini ambaye hakupitia mikononi mwake. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, anayenyoosha kidole akiongea. Binti mkubwa wa Dada Usibonyeze alizaliwa kitovu kimemzunguka shingoni, hana sauti, rangi imemwondoka. Mama Mkunga ndiye aliyehangaika naye mpaka akalia, kisha akamwambia mzazi, "Huyu atakuwa mbishi, jiandae." Amekuwa mbishi kweli.

Mama Mkunga alipostaafu aliiacha akiba yake palepale chamani. Alitaka vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, ili asiwe mtu wa kuwapigia watoto kila mwisho wa mwezi. Msingi ulikuwa umeshachimbwa, na fremu za madirisha zilikuwa zimekamilika kwa fundi wa kuchomelea, zinasubiri kuta.

Mambo yalianza kuharibika kwa kitu tulichokiona kizuri. Mjumbe mmoja wa bodi alipendekeza Dada Usibonyeze arekodiwe video fupi, iwekwe kwenye ukurasa wa chama. Siku hiyo alikuja na blauzi iliyopigwa pasi ikasimama. Akaeleza vizuri, kwa sauti yake ileile ya dirishani: msibonyeze, msitaje namba ya siri, "na kila Jumanne na Alhamisi nawapigia wazee wetu mmoja mmoja, najua habari zao, wao ni wazazi wangu." Watu wakaisambaza. Tulimpongeza, meneja akanunua soda. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza nani mwingine anaitazama.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Alipanda ngazi dereva mmoja wa lori, mwanachama, akaweka simu yake kwenye dirisha la pili. "Nimeletewa hii tangu juzi. Sijaigusa, kama ulivyosema." Ulikuwa ujumbe wenye jina la chama chetu: Mwanachama mpendwa, akaunti yako itafungwa. Hakiki taarifa zako hapa. Chini kulikuwa na anwani kama ya kwetu kabisa, isipokuwa herufi moja imerudiwa mara mbili. Ukiwa na haraka, au miwani yako iko chumba kingine, huioni.

Dada Usibonyeze alimshukuru, halafu akageukia kompyuta kutafuta akaunti zilizoingiwa kwa simu ngeni tangu ujumbe ule ulipoanza kutembea. Zilikuwa nne. Akapiga namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wote watatu walikuwa wamenunua simu mpya kweli, mmoja akamsimulia mpaka bei. Ya nne ilikuwa ya Mama Mkunga. Kuna mtu alikuwa ameingia kwenye akaunti yake asubuhi ile, saa tano, kwa simu tusiyoijua.

Akampigia. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

"Jirani, ifunge akaunti ya Mama Mkunga."

"Unajua siwezi."

"Basi mtafute anayeweza. Mimi nakwenda."

"Mpigie tu tena."

"Nimepiga mara sita. Wamemshikilia kwenye simu, jirani. Hawamwachii mpaka wamalize."

Alivua viatu, akavishika mkononi, akashuka ngazi. Kabla hajafika chini simu yangu ikaita, ni yeye. Akasema tusikate, ili akifika aniambie kinachoendelea nami nimwambie ninachokiona. Nikaiweka simu ile sikio la kushoto, na sikio la kulia nikaweka simu ya ofisi.

Naomba nieleze hapa kwa nini sikuweza kuifunga akaunti ile, maana nimeulizwa mara nyingi, na wengine wameuliza kwa jicho baya. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: akaunti inafungwa kwa ombi la mwanachama mwenyewe, au kwa agizo la meneja kwenda kampuni inayotunza mitambo yetu. Mwanachama alikuwa kwenye simu na mwizi. Meneja alikuwa semina, mji mwingine, simu kaizima. Nikapiga kampuni ya mitambo. Sauti iliyorekodiwa ikanikaribisha, ikaniambia kwa huduma kwa wateja bonyeza moja. Nikabonyeza moja. Ikaniambia kwa wateja wa taasisi bonyeza tatu. Nikabonyeza tatu. Ukaanza muziki.

Kutoka ofisini hadi kwa Mama Mkunga ni dakika saba kwa mwendo wa kawaida. Yeye alitumia nne. Nilisikia pumzi zake, mbwa akibweka, kisha chuma kikigongwa. Baraza ya Mama Mkunga ina grili, na siku hiyo kufuli lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Yaliyofuata mengine niliyasikia, mengine alinisimulia.

Mama Mkunga alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha mbao, miwani puani, simu sikioni, kalamu mkononi. Alimtazama Dada Usibonyeze na hakuinuka. Akamwambia mtu wa kwenye simu, "Amekuja."

"Shikamoo mama. Ni mimi. Kata hiyo simu."

Mama Mkunga aliendelea kushikilia simu sikioni.

"Mama, nifungulie. Huyo unayeongea naye ni mwizi."

"Ameniambia utakuja," Mama Mkunga akasema. "Ameniambia utakuja mbio, na utasema hivyohivyo."

Baadaye tulijua alichoambiwa. Mwanamume mwenye sauti ya upole alijitambulisha kwamba anatoka kitengo cha ulinzi, makao makuu ya chama. Hatuna kitengo cha ulinzi. Na makao makuu yetu ni palepale juu ya duka la mabati. Akamwambia kuna wizi mkubwa umegunduliwa, na mwizi yuko ndani, ni yule karani anayewapigia wazee Jumanne na Alhamisi ili ajue nani ana nini. Akamuuliza taratibu, kama daktari. Mama, je, amewahi kukupigia? Ndiyo. Anajua siku pensheni yako inapoingia? Ndiyo. Anajua unajenga? Ndiyo, anajua. Anajua mpaka majina ya wajukuu? Mama Mkunga akaona kila jibu lake ni ndiyo. Basi mama, tunahamishia akiba yako mahali salama kabla hajaichukua. Akishtukia atakuja mbio. Usimfungulie.

Hakuwa mjinga, yule mama. Jumapili alikuwa amebonyeza ile linki akidhani ni sisi, akajaza namba ya uanachama na neno la siri, na usiku kucha hakulala vizuri akijiambia huenda amekosea. Kwa hiyo simu ilipokuja kumwambia kuna hatari, hatari hiyo alikuwa anaijua tayari. Aliyempigia alikuwa ameivizia tu hofu hiyo.

"Mama, nisikilize," Dada Usibonyeze akamwambia, ameshika nondo za grili. "Wewe ndiye uliyenizalisha. Binti yangu umempokea wewe. Mimi nikuibie?"

"Najua nimekuzalisha," Mama Mkunga akasema. "Ndiyo maana inaniuma."

Hapo ndipo simu ya mama ikatoa mlio mfupi. Ujumbe umeingia. Dada Usibonyeze aliujua ule mlio: ni namba sita za uthibitisho, zile ambazo mtambo wetu humtumia mwanachama kabla pesa haijatoka, ndiyo komeo la mwisho. Mama Mkunga akaondoa simu sikioni, akaisogeza mbali na macho, akaweka sawa miwani.

"Usimsomee. Mama yangu, hizo usimsomee."

Akazisoma. Alizisoma polepole na kwa sauti ya juu, kama alivyokuwa akisoma uzito wa mtoto ili mwenzake aandike kwenye kadi. "Saba. Moja."

Dada Usibonyeze akaanza kupayuka namba nyingine. Tisa, nne, sita, tatu, nane, sifuri, chochote kilichomjia mdomoni, kwa sauti kubwa, ili yule wa upande wa pili asisikie vizuri. Mimi kule ofisini nilidhani ameingiwa na wazimu, halafu nikaelewa, na nikajikuta nimesimama. Mama Mkunga akaziba sikio la pili kwa kiganja, akainuka, akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango.

Majirani walikuwa wameanza kutoka. Fundi viatu wa ng'ambo ya njia alimshika mkono. "Dada, mwache mama wa watu. Una nini?"

"Wanamwibia humo ndani."

"Nani? Mbona yuko peke yake?"

Utamwelezaje mtu kitu kama hicho. Nyumba haina mgeni, mlango haujavunjwa, mwenye nyumba ndiye aliyejifungia, na anayepiga kelele nje hana viatu miguuni.

Kwenye kompyuta yangu namba ya akiba ya Mama Mkunga ilibadilika mara moja. Baada ya dakika moja ikabadilika tena. Mara ya tatu ikawa sifuri. Sikio moja bado lilikuwa na muziki.

"Jirani," nikamwambia. "Jirani, zimekwenda."

Nilisikia akikaa chini.

Hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza saa nzima, kwa sababu yule mtu alimwambia Mama Mkunga azime simu saa nzima ili mtambo usafishwe, na mama alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Katikati ya saa ile mama alisogea dirishani, akazungumza naye kupitia pazia, sauti imepungua ukali.

"Nenda kajisalimishe, mwanangu. Ukienda mwenyewe watakuhurumia."

Dada Usibonyeze aliniambia kwamba katika yote, hilo ndilo lililomkata maini.

Saa ilipotimia, mama aliwasha simu, akapiga namba ile. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Kisha ufunguo ukasikika kwenye kufuli. Mama Mkunga alisimama katikati ya grili iliyofunguka, mkono mmoja umeshika nondo. Hakulia. Aliuliza, "Zile namba, haziwezi kubadilishwa?"

"Haziwezi, mama."

"Hata ukiwaambia mimi ndiye niliyekosea?"

Wakaenda polisi wote wawili, siku ileile. Askari aliyeandika maelezo alikuwa mstaarabu, aliwapa viti. Alipomaliza na Mama Mkunga akamgeukia Dada Usibonyeze. "Wewe ulijuaje kwamba anaibiwa saa ileile?" Akaeleza, akaanzia kwa dereva wa lori. Askari akaandika. Kisha akamwomba simu yake, kwa uchunguzi tu, akasema. Ilikaa huko wiki tatu.

Meneja alirudi kutoka semina uso umemsawijika. Bodi ikaketi. Ikaamua video iondolewe, mabango yaongezwe, na Dada Usibonyeze achukue likizo mpaka mambo yaeleweke. Barua iliandikwa kwa adabu sana. Haikumtuhumu popote. Aliisoma kwenye dirisha la pili mimi nikimwangalia, akaikunja, akachukua kikombe chake na sweta lake la kiti.

"Ni ya wiki mbili tu," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Wote tunajua hukuhusika."

"Najua mnajua," akasema.

Sasa nafika pale ambapo mimi mwenyewe sipapendi. Wiki ile wanachama walikuja wengi, na kila mmoja aliniuliza kupitia tundu la kioo, wengine kwa kunong'ona: ni kweli mwenzako alikuwemo? Meneja alikuwa ametuagiza tujibu kwamba uchunguzi unaendelea. Nikajibu hivyo. Kwa dereva wa lori nilijibu hivyo, kwa walimu wastaafu, kwa watu waliomfahamu tangu akiwa binti mdogo. Jibu lilikuwa sahihi, na kila nikilitoa niliona uso wa mtu ukijifunga. Ningeweza kusema hapana. Neno moja tu. Ningepewa karipio labda, nisingefukuzwa. Yeye alilisikia hilo sokoni, kwa mtu aliyelitoa kwangu, na hakuwahi kuniuliza. Aliporudi kazini alinisalimu, "Habari za asubuhi, jirani," nami nikaitika, na ubao ule uliotutenganisha ukawa kama umeongezwa kimo.

Uchunguzi ulifika ulipofika. Namba iliyompigia Mama Mkunga ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mkulima mmoja aliyepoteza kitambulisho miaka miwili nyuma, ambaye hata hajui chama chetu ni nini. Pesa ilitolewa kwa mawakala watatu, miji mitatu tofauti, ndani ya dakika kumi na moja. Mawakala hawakumkumbuka mtu. Kampuni ya simu ilisema itatoa taarifa zaidi kwa amri ya mahakama. Mahakama ilitaka jalada likamilike. Jalada lilisubiri taarifa za kampuni ya simu. Dada Usibonyeze alizunguka ofisi hizo zote kwa nauli yake, akiwa na bahasha ya rangi ya kaki. Alipokuwa likizo alienda kila siku, aliporudi kazini alienda saa ya chakula. Askari yule mstaarabu alihamishwa. Aliyempokea alimuuliza tena tangu mwanzo: ulijuaje kwamba anaibiwa saa ileile?

Kuhusu fidia, masharti ya huduma yanasema mwanachama akitaja mwenyewe namba za uthibitisho, chama hakiwajibiki. Yapo kwenye fomu, ukurasa wa tatu, na Mama Mkunga ameitia sahihi. Meneja alimwandikia barua ya pole.

Mama Mkunga hakuwaambia watoto wake. Aliwaambia ameahirisha ujenzi kwa sababu saruji imepanda. Kwa fundi wa kuchomelea alisema hivyohivyo. Baada ya miezi mitano fundi akaomba ruhusa aziuze zile fremu kwa mtu mwingine, akakubali. Akarudi kazini, si kituo cha afya, bali kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi, kuchoma sindano na kufunga vidonda, anasimama kutwa na umri wake ule. Mwanawe wa kiume alikuja kumsalimia, akamwambia, "Mama, kwa nini usipumzike?" Akamjibu anaona upweke nyumbani.

Dada Usibonyeze alijaribu kuendelea na daftari lake. Jumanne zikaja, Alhamisi zikaja. Kati ya wazee kumi, sita hawakupokea. Waliopokea walijibu kwa mkato, wanaendelea vizuri, mguu mzima, mjukuu mzima. Mwalimu mmoja mstaafu alimuuliza wazi, bila ubaya: "Binti, nisamehe, nitajuaje kwamba ni wewe?" Nilimwona amekaa na simu sikioni, kalamu imesimama hewani. Akasema, "Hutajua, mwalimu. Usiniamini. Kata, uje dirishani." Mwalimu akamwambia anaishi mbali na haoni vizuri, hawezi kupanda ngazi. Wakaagana. Wiki iliyofuata nilimsikia akimpigia tena, na simu ikaita mpaka ikajikata.

Na ujumbe haukukoma. Ukawa unakuja kwa sura nyingine, mara gawio la mwaka, mara kura za bodi, mara rambirambi. Akibandika bango la kuonya hili, wezi wameshatoka na lile. Siku moja alisimama mbele ya ukuta wa ngazini, gundi mkononi, akaniambia hana tena pa kubandika. Nikasema tuondoe ya zamani. Akasema ya zamani nayo bado yanatumika.

Mwaka uliopita nilistaafu. Wiki ya mwisho nilikwenda zahanati ile kumuaga Mama Mkunga, kwa kuwa miaka yote nilimhudumia mimi, na tangu siku ile alipanga foleni ya dirisha la kwanza tu, hata la pili likiwa tupu. Nilimkuta anapanga pamba kwenye kopo la bati. Amekonda. Alinikaribisha kwenye benchi la wagonjwa, tukaongea habari za pensheni na za bei. Halafu bila mimi kumuuliza akasema:

"Unajua, yule kijana wa kwenye simu, tuliongea karibu saa nzima."

Nikamgeukia.

"Aliniuliza magoti yanaendeleaje. Nikamwambia habari ya kituo, ya wale mapacha wa mwaka wa mafuriko, akasikiliza. Akaniuliza walikuja kuwa nani wale mapacha. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo." Akafunika kopo. "Najua alikuwa mwizi. Sina ujinga huo. Lakini alinisikiliza vizuri."

Nilitaka kumwambia kwamba Dada Usibonyeze alimsikiliza miaka miwili, na kwamba habari ya magoti ilikuwa imeandikwa pembeni ya jina lake daftarini. Nikaona anaijua. Nikaona pia kwamba hilo ndilo lisilosemeka kati yao, na mimi siyo wa kulisema, mimi niliyejibu wiki nzima kwamba uchunguzi unaendelea.

Mgonjwa akaingia, mtoto aliyebebwa mgongoni, akalia alipoona sindano. Mama Mkunga akainuka kwa kujishikilia meza.

"Nisalimie binti yangu wa dirisha la pili," akasema.

Nilizifikisha salamu kesho yake, kupitia juu ya ubao. Dada Usibonyeze aliniangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa, akamwambia mtu aliyekuwa mbele yake asogee karibu na kioo maana hasikiki.